Babu Anajiweza

Babu yangu alikuwa dobi wa hospitali, na mtaani walimwita Pasi. Wengine walidhani jina lilitokana na kazi. Waliomjua walisema ni kwa sababu ya hasira zake: hachelewi kupata moto, na ukimwacha kidogo anapoa mwenyewe. Mimi nimerithi zile za kupata moto. Za kupoa alizichukua mama yangu zote.

Miaka yake yote ya kazi aliimaliza ndani ya chumba cha mvuke, akinyoosha mashuka ya wagonjwa na makoti ya madaktari. Alipostaafu hakuacha. Alinyoosha shati la kukaa ndani, akanyoosha leso, akanyoosha mpaka kitambaa cha kufutia vyombo, na bibi akawa anamwambia, "Baba wee, nyoosha na mkeka basi, tujue moja." Bibi alipofariki, babu alibaki peke yake kwenye vyumba vile viwili vya kupanga, ambamo mama yangu alizaliwa na ambamo mimi nilijifunza kutambaa. Tukamwambia ahame. Akasema yeye hapo hatoki kwa miguu yake.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo upande wa pili wa mji, na siku zangu zinaishia kwenye vichwa vya watu. Kwa babu mimi nilikuwa mke, mke mdogo, tangu nilipozaliwa, na bibi alipokuwa hai tuligombana naye kwa utani mpaka majirani wanachungulia. Nikienda kumwona babu nilipokewa mlangoni hivi: "Mwanamke gani huyu anakuja kwa mumewe mara moja kwa wiki?" Nami namjibu, "Mume gani huyu hata nauli hatumi?" Anacheka mpaka anakohoa.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mkono ule ukalala moja kwa moja. Mguu ukabaki wa kuburuta. Alipotoka hospitali, hospitali ileile aliyoifulia mashuka, daktari alituita mimi na mama akasema mzee hawezi tena kuoga wala kupika peke yake, na kutembea atembee na mtu. Kwa mama kuna chumba kimoja na watu watano. Mimi nalala nyuma ya saluni, kati ya maboksi ya nywele bandia.

Daktari ndiye aliyetuelekeza ofisi ya ustawi wa wazee. Nilikwenda nikiwa nimekunja uso kabisa, nikitegemea njoo kesho na njoo keshokutwa. Nisiwaseme kwa uongo: siku zile walinishangaza. Serikali ina mpango wa kuwasaidia wazee wakae majumbani mwao badala ya kupelekwa kwenye makao, na babu aliingizwa. Alikuja fundi akafunga vyuma vya kushikia chooni na bafuni, akaleta na kiti cha plastiki cha kukalia wakati wa kuoga. Halafu akaja mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Babu akampa jina la Mama Asubuhi.

Huyo mwanamke Mungu amlipe. Wiki ya kwanza babu alikataa kuvuliwa hata soksi. Alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni, aogeshwe na mke wa watu? Sisi ndio kabisa. Mama ni mwanawe wa kumzaa, lisingewezekana. Na mimi nilipojaribu kusema, "Si mkeo, babu, nikuogeshe," alinitazama kwa namna ambayo utani wote wa maisha yetu ulikufa pale pale. Sikurudia.

Mama Asubuhi hakubishana naye. Alimfunika shuka kuanzia shingoni, akaingiza mkono na sponji chini ya shuka bila kuangalia, na wakati huohuo akawa anamwuliza mambo ya udobi. Doa la damu linatokaje? "Maji ya baridi! Ukitia ya moto umeliwekea kufuli!" Na la dawa ya kidonda? Na la wino? Babu anafundisha, anafoka kwamba watu wa siku hizi hawajui kufua, na hajakaa vizuri ameshaoga, amekaushwa, amevikwa shati. Hakuna aliyewahi kulitamka neno lenyewe. Ukimwuliza babu Mama Asubuhi anafanya nini pale, anasema, "Anakuja kupiga soga." Baada ya soga walitoka pamoja, amemshika kwapani, hadi kwenye duka la kona na kurudi. Akampikia, akamwekea chakula cha mchana mezani, akaenda kwa mzee mwingine.

Babu alinenepa. Alianza tena kunyoosha, kwa mkono mmoja, Mama Asubuhi akimshikia nguo upande wa pili. Mimi na mama tukaanza kulala usingizi.

Mpango ule una utaratibu wake: kila baada ya muda ofisi humtuma mtu aje kumwona mzee, kama bado anahitaji msaada au nafasi apewe mwingine. Wazee ni wengi na wahudumu ni wachache, hilo sikatai. Alitumwa kijana. Sikuwepo, nilikuwa na kichwa cha bibi harusi mkononi. Mama Asubuhi alikuwepo, lakini wahudumu hawaruhusiwi kumjibia mzee. Alisimama jikoni na bakuli mkononi, akasikiliza kila kitu, na yeye ndiye aliyenisimulia, analia.

Kijana alikuwa na adabu zake. Alibisha hodi, akavua viatu, akaamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu, karibu kiti."

"Asante. Habari za afya?"

"Nzuri. Hatujambo hapa."

"Unaoga mwenyewe, babu?"

Mama Asubuhi anasema babu alikohoa. "Naoga kila siku," akajibu. Na ni kweli, alikuwa anaoga kila siku.

"Chakula je?"

"Nakula vizuri sana. Umekula wewe? Subiri upate chai."

Basi babu yangu akasimama. Kwa mgeni kukaa bila chai, angeona amekosa adabu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alishika meza, akashika ukuta, akaingia jikoni, akampita Mama Asubuhi bila kumtazama, akamimina chai ya kwenye chupa kwa mkono mmoja na kuibeba mpaka mezani. Kikombe kilifika nusu, nusu nyingine ilibaki sakafuni njia nzima. Kijana akanywa, akasifu. Wakaongea habari za mpira. Kijana akaaga.

Hapo ndipo palipoharibikia. Kijana angeondoka mwenyewe, mlango ule pale, ningekuwa na la kutetea. Lakini babu ni mtu wa zamani. Mgeni haachwi aondoke kama aliyefukuzwa, anasindikizwa. Akamwambia, "Ngoja nikutoe." Akatoka naye. Akashuka ngazi ya mlangoni, akalifuata ukuta wa jirani, jasho linamtoka, maneno hayakatiki mdomoni, anamwuliza kijana kwao wapi, amezaliwa na nani, ameoa au bado. Alimfikisha mpaka barabarani. Pale akampungia mkono mzima, na kijana akageuka akapunga wa kwake. Alipopotea kwenye kona, babu alishika nguzo ya taa, akateleza nayo mpaka chini. Mama Asubuhi alimkuta amekaa kwenye vumbi na shati lake lililonyooshwa.

"Mgeni amefika salama?" ndilo aliloliuliza.

Walinipigia simu saluni kutoka ofisi ile. Sauti ya mwanamke, ya furaha, kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Babu yetu ameonekana anajiweza. Anaoga, anajihudumia chakula, anatembea hadi barabarani na kurudi bila msaada. Mhudumu atahamishiwa kwa mzee mwenye shida zaidi. Nilisema maneno yaliyomfanya mteja wangu atoe kichwa chake mikononi mwangu kunitazama.

Nilipomfikishia babu habari alijaribu kuzigeuza kuwa mzaha. "Ati najiweza! Mke wangu, waulize mali zenyewe ziko wapi, nami nikajiweze." Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Lakini nilimwona pia ameinua kidevu. Kuna sehemu ndani yake iliyofurahi kusikia serikali imesema anajiweza, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote.

Bila Mama Asubuhi, nyumba ile ilibadilika haraka. Mama alipita asubuhi kabla ya kazi, akaacha chai na mkate. Mimi nilipita jioni nikifunga saluni, nikawa kiguu na njia, nimekonda. Tulipika, tulifagia, tulifua. Lakini kuoga hakuoga. Alituambia ameoga, na sisi tuna pua. Shati akalala nalo, akaamka nalo. Ile pasi sikuikuta tena imetolewa. Siku moja nilifika nikamkuta na alama ya kuvilia damu kuanzia sikioni hadi shavuni. Akasema ni mbu. "Mbu gani huyo, babu, ana ngumi?" Hakucheka.

Nikaenda ofisini kwao. Sitadanganya kwamba nilikwenda kwa upole. Niliwapa vidonge vyao pale kaunta, watu wote wanasikiliza. Mama mmoja mwenye miwani aliniacha nimalize, akanivutia kiti. Akasema, "Dada, wazee wote wanafanya hivyo. Wanatupikia, wanatusindikiza, wakishalala chini ndio tunaitwa. Nitaomba aangaliwe tena. Lakini mwambie aseme ukweli wote. Asimfiche chochote huyo atakayekuja." Nilitoka pale nina matumaini ya kupasua kifua. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu: Mama Asubuhi arudi, na babu abaki kwake.

Kumfundisha babu kusema hawezi ndiyo ilikuwa kazi. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, nikajifanya mtu wa ofisi.

"Shikamoo, mzee. Unaoga mwenyewe?"

"Naoga."

"Babu!"

"Si umeniuliza kwa adabu? Nami nimekujibu kwa adabu."

"Sema, siwezi."

"Siwezi nini?"

"Siwezi kuoga."

"Mtu mzima na ndevu zangu nimwambie mtoto wa watu siwezi kuoga. Kwa hiyo akiniuliza nafanyaje, nimwambie nimeoza?"

Tulianza tena. Nikamwambia asisimame. Akasimama. Nikamwambia asiulize mgeni amekula au hajala. Akaniuliza, hivi wewe umekula? Tukacheka wote wawili mpaka machozi, kisha yake hayakukoma. Alikuwa analia kwa mkono mmoja, anafuta jicho moja, anaacha lingine. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Babu, jikaze kisabuni siku hiyo moja tu. Ukisema kweli, utakaa hapa hapa nyumbani kwako."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Basi nitasema," akajibu.

Aliyekuja mara hii alikuwa mama wa makamo, mpole, anamwita babu "baba". Mimi na mama tulikuwepo, tumekaa kwenye mkeka. Babu alikuwa kwenye kiti chake. Hakusimama. Nilimwona kiganja kimeng'ang'ania mkono wa kiti, kama anayejizuia kuinuka, na hakusimama.

"Baba, unaoga mwenyewe?"

Alitazama sakafu. "Siwezi," akasema. "Mwanangu, sijiwezi. Nilikuwa naogeshwa."

Nililia palepale. Mama akanifinya paja. Tulidhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza ameanza. Mtu aliyefunga mdomo maisha yake yote, ukimfungua hujui kilichomo ndani. Alisema ameanguka mara nyingi, hata enzi za Mama Asubuhi, mchana akishaondoka. Kuna siku alianguka bafuni, akalala juu ya saruji mpaka asubuhi yule mama alipokuja, na akamwapisha asituambie. Alisema aliiacha pasi mezani ikiwaka, akaisahau, ikala ubao. Alionyesha kitambaa alichofunikia mahali pale, tukajua kwa nini pasi haionekani. Alisema haja ndogo wakati mwingine haimsubiri.

Yule mama alikuwa ameacha kuandika. Alimsogelea, akamshika mkono.

"Na kuna jingine, baba?"

"Jioni," babu akasema. "Jioni namsubiri mke wangu arudi sokoni. Najua alikufa. Mchana najua. Ila jioni ikifika nasahau, nafungua mlango, natoka kumtazama barabarani. Kuna siku nilikwenda mbali, nikarudishwa na mtu wa baiskeli."

Mama yangu alijifunika uso kwa khanga. Mimi sikuweza kumtazama babu. Nilitazama yale magoti yake mawili, yamekaa pamoja kwa adabu.

Mgeni aliaga. Babu akaniambia, bila kuinua kichwa, "Mke wangu, msindikize mgeni. Mimi nimekatazwa."

Nje yule mama alinishika bega. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sina wa kumchukia. Alisema mhudumu wa asubuhi hatoshi. Mzee anayeanguka, anayeacha moto, anayetoka jioni bila kujua aendako, ofisi haiwezi kumwacha alale peke yake hata akirudishiwa mhudumu, na wa kukaa naye usiku na mchana hawana. Akauliza kama kati yetu yupo anayeweza kuacha kazi. Nikafikiria kile chumba kimoja cha watu watano. Nikafikiria kodi ya saluni. Akasema basi, makao yana nafasi, na yeye atasimamia apate kitanda karibu na dirisha. Nilipiga kelele. Nilimwambia sisi tuliomba mtu wa kumwogesha, hatukuomba ahamishwe. Alinisikiliza hadi sauti ikanikauka. Akasema, "Dada, yeye mwenyewe ndiye aliyesema."

Nilirudi ndani. Babu ananitazama, ameinua nyusi, anasubiri kama mtoto aliyesoma shairi lake lote bila kukosea.

"Nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri, babu."

"Anarudi lini Mama Asubuhi?"

Mama ndiye aliyemwambia. Mimi sikuthubutu. Alisikiliza mpaka mwisho, na nikawa nangoja hasira zake, ule moto ambao ningeupokea kwa furaha, angenitukana ningemshukuru. Hakukasirika. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole vya mkono mzima, anakunja na kukunjua.

"Yule wa kwanza nilimficha," akasema, "wakaninyang'anya mama wa watu. Huyu wa pili nimemwambia kweli yote, wananinyang'anya nyumba. Sasa wa tatu akija nimwambie nini? Nifundisheni mapema."

Nilianza kukusanya nguo zake.

Makao yale ni safi. Nimekwenda nikiwa nimejiandaa kugombana na sikupata pa kuanzia. Kuna miti, kuna televisheni, kitanda kiko karibu na dirisha kweli. Wanamwogesha kila siku, mwanamume mwenzake, haraka haraka, bila shuka na bila maswali. Mara ya kwanza nilipokwenda nilisimama mlangoni nikasema, "Mwanaume gani huyu amehama bila kumuaga mkewe?" Aligeuza kichwa, akanitambua, akatabasamu kidogo. Hakurudisha utani.

Nikamwambia twende nje tukaote jua. Akasema, "Siwezi." Nikamwambia nitamshika kwapani, hatua chache tu hadi kwenye benchi. "Siwezi." Nikamletea redio kutoka nyumbani, nikamwonyesha kitufe, nikamwomba aiwashe. Akaitazama. "Siwezi, mwanangu." Mwanangu, akaniita.

Akaja muuguzi na kikombe cha chai. Msichana mchangamfu, anawaita wazee wote kwa majina yao. Akamwuliza, "Babu, utashika kikombe leo, au nikunyweshe?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya blanketi. Ni mkono ulioinua pasi za chuma maisha yake yote, na kiharusi hakikuugusa hata kidogo. Nilimwona akiutazama, kisha akamtazama yule msichana usoni, kwa makini, kama mtu anayeogopa kukosea tena.

"Siwezi," akasema, akafungua mdomo.